Dhahabu Nyekundu na Nyanya za Chanika

Vuta kiti, nikusimulie jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka walione kwa macho yao: dhahabu ikigawanywa kuwa chembe ndogo vya kutosha, inakuwa nyekundu. Si nyekundu ya kutu wala ya shaba, bali ile ya juisi ya rozela iliyochujwa vizuri na kumiminwa kwenye glasi safi. Usihofu kwamba fizikia ilikupita shuleni. Mwaka ninaoutaka kuuzungumzia nilianza nikiwa sijui mengi kuliko wewe, na kila nitakachokitaja nitakieleza kabla ya kukuacha nacho. Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu mwezi uliopita nilikula chakula cha mchana Sinza na Hadija, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipokwenda kufanya kazi nje ya nchi. Aliingia mgahawani akiwa na sauti yake ileile, akazitazama mvi zangu, akasema, "Anje, umekuwa mama mchungaji kabisa." Nikamjibu kwamba naye amekuwa bi mkubwa wa kufunguliwa mlango wa gari. Hatukuulizana habari za waume wala viwanja. Kabla samaki hajafika mezani tulikuwa tumeshabishana kuhusu rangi ya mapazia ya nyumba ya Kibamba, na hapo nikajua kwamba nitakuja kuiandika sura hii.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kupanga, ya familia ya kawaida, nje kidogo ya Barabara ya Morogoro. Dakta Yohana, mkuu wa mradi wetu, aliipata kwa bei nafuu akaigeuza kuwa maabara bila kubomoa ukuta hata mmoja. Jikoni ndimo tulimochemshia kemikali, na kwa hiyo humo chakula kilipigwa marufuku. Chumba cha watoto, ambacho bado kilikuwa na picha ya samaki wa rangi ukutani, kilikuwa cha mizani na vipimo vya mwanga. Chumba kikubwa cha kulala tulikitia mapazia mazito (ya kijani kibichi, nasisitiza, Hadija aseme atakavyo) na ndimo ilimokaa mashine ya Raman, sanduku lenye ukubwa wa begi la safari ambalo unaweza kulibeba mpaka shambani. Sebuleni kulikuwa na kochi moja lililoachwa na mwenye nyumba, na Dakta alikuwa akilala hapo kila baada ya chakula, viatu vikiwa vimepangwa sambamba sakafuni. Mimi na Hadija tulikuwa wanafunzi wake wa shahada ya pili. Yeye alitoka Lindi, mie bara, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake hajui kupika maharage.

Kazi yetu ilikuwa hii. Ukimulika kitu kwa mwanga wa leza, ambao ni mwanga wa rangi moja tu, karibu mwanga wote unaokurudia hurudi na rangi ileile. Sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika kidogo, kwa sababu molekuli za kitu hicho hutikisika, na kila aina ya molekuli hutikisika kwa namna yake. Mashine ya Raman huchora mabadiliko hayo kama mstari wenye vilele, na mpangilio wa vilele ni kama lafudhi ya mtu: ukimsikia Mmakonde na Mchaga wakitamka neno lilelile, huhitaji kuuliza nani katoka wapi. Shida ni kwamba sauti yenyewe ni ndogo mno. Ukitaka kujua kama kuna mabaki ya dawa ya ukungu kwenye ganda la nyanya, mabaki ambayo jicho haliyaoni na pua haiyanusi, utamulika mpaka uchoke na hutasikia kitu. Hapo ndipo dhahabu inapoingia. Molekuli ikigusa chembe ndogo sana ya dhahabu, na hasa ikibanwa katikati ya chembe mbili, mwanga hujikusanya pale na sauti yake hupanda mara nyingi mno. Chembe hizo zikielea kwenye maji bila kuzama huitwa koloidi, na ndizo zinazotoa ile rangi ya rozela.

Kutengeneza koloidi ni rahisi kueleza na ni vigumu kufanya vizuri. Unachemsha maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, ndani yake mkiwa na chumvi ya dhahabu ya manjano hafifu. Unamimina kwa mkupuo maji ya sitreti, ambayo ni jamaa wa ule ukali wa ndimu, kisha unaacha ikoroge. Rangi ya manjano inatoweka, maji yanakuwa meupe kama hukutia kitu, halafu yanaingia giza kama wingu la masika, na polepole wekundu unapanda kutoka ndani. Mara ya kwanza nilipouona nilishika ukingo wa meza. Dakta Yohana alikuwa nyuma yangu akasema kwa upole, "Umeshaipenda. Sasa ijue." Kuijua kulimaanisha kupima ni rangi ipi hasa ya mwanga inayomezwa na koloidi, kwa maana chembe zikikua au zikianza kushikana, rangi inayomezwa husogea. Kulimaanisha pia kukausha tone na kulituma kwa rafiki yake mwenye hadubini kubwa, atuambie chembe zina umbo gani na kama zinalingana. Tulipima chaji zake vilevile, kwa sababu kila chembe ina chaji inayomsukuma mwenzake, kama watu wawili walionuniana kwenye benchi moja. Ukitia chumvi kidogo, ugomvi unapoa, zinasogeleana, na molekuli unayoitafuta inabanwa katikati yao. Ukizidisha chumvi, zinakumbatiana zote, zinageuka zambarau, kisha kijivu, na zinazama chini kama majani ya chai.

Hadija ndiye aliyeziita koloidi mpya "wali", kwa maana ya mabinti wanaochezwa ngoma kwao kusini. Mwali hukaa ndani, hapigwi jua, hatolewi mpaka afundwe. Basi na sisi tulizifungia kwenye kabati la giza, na hakuna chupa iliyotoka kabla ya kutambulishwa. Ilikuwa desturi ya kweli, si mzaha tu. Wakati wa chakula, barazani, aliyeitengeneza alisimama na karatasi yake ya vipimo akaieleza rangi yake, ukubwa wa chembe zake na tabia yake ikitiwa chumvi, na wengine tuliruhusiwa kuuliza maswali ya mawifi. "Huyu mwali wako mbona mnene upande mmoja?" Dakta aliuliza siku moja huku akichambua mfupa wa samaki, na Hadija akajibu, "Dakta, kwao wote wako hivyo." Tulikuwa tunaletewa wali na maharage, siku nyingine mchicha wa nazi, na ng'ambo ya michongoma kilikuwa kijiwe cha vijana wa bodaboda ambao hawakujua kwamba tunawasikia. "Wale masista humo ndani wanachemsha dhahabu," alisema mmoja. "Nyie mnaropoka. Dhahabu gani, na mbona kila siku wanakula maharage?" Wa tatu akasema kwa busara, "Ndiyo maana inaitwa utafiti." Dakta alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Nauita mwaka huo mwaka wangu kwa sababu ya Bi Sikudhani wa Chanika. Alikuwa mkuu wa kikundi cha akina mama wanaolima nyanya, na zao lao lote lilinunuliwa na shule moja ya bweni. Ukazuka uvumi kwamba watoto wanaumwa matumbo kwa sababu ya nyanya zenye dawa. Hakuna aliyethibitisha kitu, lakini wazazi walipiga simu, na Mwalimu Deo, aliyesimamia chakula cha shule, akatangaza kwamba hatanunua tena mpaka zipimwe. Nyanya zilikuwa zinaiva. Zaidi ya hapo, Bi Sikudhani alikuwa amewashawishi wenzake waache kupuliza dawa mavuno yakikaribia, kwa ahadi kwamba shule itawathamini. Zikionekana na dawa, angekosa mnunuzi na kuonekana mwongo mbele ya wanawake waliomwamini. Mtu mmoja aliyesikia habari zetu akampa namba ya Dakta. Dakta akatuita sebuleni, akavaa viatu kabla ya kusema, jambo lililotuonyesha uzito wa shauri, na akatuambia twende sisi wawili.

Asubuhi ya safari tulimtambulisha mwali wetu bora kuliko wote. Tulimpima akiwa peke yake, bila nyanya wala kitu kingine, na mashine ikachora mstari laini usio na kilele, kama inavyotakiwa. Chupa za plastiki zilikuwa na tabia ya kuvuja barabara ikiwa mbaya, kwa hiyo Hadija alikata pete za mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli akaziweka chini ya vifuniko, kisha akakaza. Tulimsifu. Nani kati yetu hajafunga mzigo kwa mpira wa tyubu, au kuzibia bomba nao? Akaendesha pikapu ya mradi kupitia Kinyerezi na Pugu, chupa zikirukaruka nyuma juani, na tulipofika Chanika hakukuwa na tone lililomwagika.

"Shikamoo, mama," tulisema. "Marahaba wanangu, karibuni, na hiyo mashine ikaribie," akajibu Bi Sikudhani. Alikuwa mwanamke mrefu, kanga ameifunga kiunoni kwa kazi, na wenzake walikuwa wameketi pembeni ya matenga wakitutazama. Mwalimu Deo alisimama kivulini na mikono nyuma. Tulipangusa ganda la nyanya ya kwanza kwa pamba yenye spiriti, tukakamulia tone kwenye kibakuli, tukatia koloidi na chumvi kidogo, tukamulika. Vilele vikasimama. Nilivijua bila kutazama kitabu, kwa sababu nilikuwa nimevisoma miezi kadhaa: ilikuwa dawa ya ukungu, haina ubishi. Nyanya ya pili, vilele vilevile. Ya tatu, tenga jingine, vilevile. Mwalimu Deo alisogea. Hadija alimenya nyanya moja na kupima nyama ya ndani, ambako dawa ya kupuliza haikutakiwa kufika kwa wingi, na vilele vikasimama kwa urefu uleule.

"Sikupuliza," alisema Bi Sikudhani. Hakupandisha sauti. "Mie na hawa hatujapuliza tangu maua yalipodondoka. Lakini kama mashine inasema, basi ipimeni na ndoo yangu ya maji ya kunywa, tujue kama nayo nimeipulizia." Wanawake wakacheka kicheko kile cha kumsaidia mwenzao. Hadija naye alitabasamu kwa adabu, akiwa anatafuta maneno ya kumpoza. Mimi nilikuwa nautazama ule urefu uleule, na moyo ulikuwa haujatulia, kwa sababu vitu vya shambani havilingani. Hata nyanya mbili za mche mmoja hazilingani. Nikasema, "Mama, naomba hayo maji." Tulipima maji ya ndoo. Vilele vikasimama. Hadija akaacha kutabasamu, akasema kwa sauti ya chini, "Anje, weka koloidi peke yake." Nikaweka koloidi bila kitu kingine, ileile iliyokuwa laini asubuhi Kibamba. Ilikuwa na dawa ya ukungu nyingi kuliko shamba zima.

Mwalimu Deo alisubiri tueleze, na alikuwa na haki. "Kwa hiyo, dada zangu, mnasema nyanya ni salama."

"Hatusemi hivyo, Mwalimu," nikajibu.

"Mnasema zina sumu."

"Hatusemi hivyo pia."

"Sasa mmekuja kusema nini?"

Hadija alipangusa mikono yake polepole. "Tumekuja kusema kwamba chupa yetu imeingiwa na kitu. Aibu ni yetu, Mwalimu, si ya huyu mama."

"Aibu yenu itaniozea mie shambani," alisema Bi Sikudhani. Tulimwomba Mwalimu atuvumilie mpaka gari lake la manunuzi litakapokuja Jumatatu. Alikubali kwa kichwa tu. Njiani kurudi, tulipofika Kinyerezi, Hadija akasema, "Ungekuwa umetoa jibu lile la mwanzo, shoga, tungekuwa tumeshamzika mama wa watu." Mpaka leo naikumbuka sentensi hiyo nikiwa na karatasi ya matokeo mkononi.

Dakta Yohana hakutugombeza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ndugu yake mwali yuko wapi, maana tulikuwa tumegawa koloidi ile katika chupa kadhaa na moja ilibaki kabatini. Tukaipima; ilikuwa laini. Basi dhahabu haikuwa na kosa, wala mashine, wala maji ya kukenekwa. Kitu kilitokea njiani. Hapa nataka unifuate polepole, maana ndiyo kazi yenyewe ya sayansi, na haihitaji akili ya ajabu, inahitaji kutoruka hatua. Tulichukua sehemu ya yule aliyebaki tukaiacha juani siku nzima kwenye chupa ya kioo, laini. Nyingine tukaitikisa mpaka mikono ikauma, laini. Tukatia spiriti na pamba tulizotumia Chanika, laini. Wakati wa chakula hakuna aliyetambulisha mtu. Hadija alikuwa anazungusha kifuniko kimoja cha safari kati ya vidole, kama mtu anavyochezea tasbihi, akasimama ghafla na kuingia ndani bila kunawa. Alipotoka alikuwa amekata kipande cha ile pete nyeusi, chembamba kama njiti ya kiberiti. Tukakitumbukiza kwenye koloidi safi, tukaiacha ipate joto la jua, tukapima. Vilele vilisimama vyote, kwa mpangilio uleule.

Dakta aliingia kwenye vitabu vyake na kutoka na maelezo, na ni maelezo mazuri. Molekuli ileile inayoua ukungu shambani ndiyo huchanganywa katika baadhi ya mipira kiwandani ili ikaze na isinyumbuke ovyo. Tyubu yetu ilikuwa nayo. Joto la safari liliitoa kidogo kidogo, na dhahabu huipenda molekuli hiyo kupita kiasi, ikaishika yote. Mashine haikudanganya hata kidogo. Tuliiuliza habari za nyanya, nayo ikatujibu habari za baiskeli. "Mnaona uzuri wake?" alisema Dakta, na macho yake yalikuwa yanang'aa kweli. "Koloidi inayoweza kuonja mpira uliougusa kifuniko tu, hiyo ndiyo ninayoitaka. Kazi yenu ni kuhakikisha haionji kingine kabla ya nyanya." Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeitarajia, furaha ya kujua kwa hakika kitu kidogo kimoja.

Jumatatu tulikwenda na chupa za kioo zenye vizibo vya kioo, nikizipakata mapajani huku Hadija akiendesha kama amebeba bibi harusi. Kanga yangu iliingia doa jekundu na bado ninayo. Mbele ya Mwalimu Deo tulipima koloidi peke yake, tukamwonyesha mstari laini. Halafu Hadija alidondosha tone hafifu la dawa ya ukungu kwenye nyanya moja tuliyokuja nayo wenyewe, akapima, na vilele vikasimama, ili aone kwamba mashine inajua kukubali na kukataa. Ndipo tukaanza matenga. La kwanza laini, la pili laini, na la tatu, na tukaendelea mpaka mabega ya Bi Sikudhani yakaanza kushuka. Karibu na mwisho, tenga moja likatoa vilele, vifupi lakini vya wazi. Tulirudia koloidi peke yake: laini. Tukarudia tenga: vilele. Bi Sikudhani aliuliza ni la nani, ingawa alijua. Wifi yake, mmoja wa wanakikundi, alikuwa anatazama upande wa barabara.

"Ni jirani," alisema wifi. "Alipuliza shamba lake, upepo ukaleta."

"Tutaongea nyumbani," alisema Bi Sikudhani, akalisukuma tenga lile pembeni kwa mguu. Sijui mpaka leo kama ulikuwa upepo. Mashine ya Raman husema ni kitu gani. Haisemi ni nani. Nilimweleza Mwalimu Deo kwamba katika matenga mengine hatukuona dawa kwa kadiri mashine yetu inavyoweza kuona, na kwamba hilo ndilo neno tunaloweza kulisimamia. Akasema, "Mngeniambia yote ni safi, dada zangu, nisingewaamini." Akawaita vijana wa gari wapakie. Wanawake waliinuka wote kwa pamoja, mazungumzo yakafunguka kama bomba, na mmoja akaanza kututania kwamba dhahabu yote hii tungevaa masikioni tungeshaolewa.

Nimefundisha miaka mingi tangu wakati huo, na wanafunzi hunijia wakiwa na hofu kwamba hawana kipaji. Huwaambia nilichojifunza Chanika: waaminifu wengi na werevu wengi hukosea mahali pamoja, wanaamini jibu la kwanza kwa sababu lina sura ya jibu. Dawa yake ni ndogo, na haihitaji leza wala dhahabu. Kabla hujauliza kitu kina nini, uliza kipimo chako kinasema nini kikiwa kitupu. Unaweza kuanza kesho. Ukienda buchani, kabla nyama haijawekwa kwenye mizani, mwombe muuzaji asubiri kidogo, na utazame mshale umesimama wapi.